Barua kwa Mkuu wa Mkoa ianzie jikoni

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Old Moshi, nina miaka 26, nalima migomba na kufuga na mama yangu. Tuko vijana tisa kitongojini na tumeamua kumwandikia Mkuu wa Mkoa. Tunataka mkoa wa Kilimanjaro uingie kwenye nishati jadidifu kwa nguvu zote: sola, biogesi, majiko ya umeme mashuleni. Tunataka pia miti ya kando ya mto iachwe. Sekondari ya hapa inashushiwa kuni kwa lori, na makorongoni miti inaisha tukiona. Babu anasema theluji ya Kibo ikiisha na maji yamekwisha, kwa hiyo tunajisumbua. Mzee mwingine katuambia barua za vijana huishia masijala. Tuandike nini, na tuanzie wapi?

Kijana wa Old Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama uani nikitazama mlima.

Nianze na babu. Msalimie sana, na umwambie kwamba kuhusu theluji hajakosea: kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza karibu asilimia 85 ya eneo lake la barafu. Wazee walioikuta nyeupe hadi chini wana haki ya kusikitika. Ila maji ya mifongo yetu, hii mifereji ya kumwagilia, kwa sehemu kubwa hayakutoka kwenye barafu hata zamani. Yanatoka msituni. Mvua nyingi ya mlima huu hunyesha kwenye ule mkanda wa msitu ulio juu ya vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, na ukungu unapopita, majani ya miti huunasa ukadondoka tone kwa tone hadi ardhini. Ndiyo maana moto wa Oktoba 2020 na ule wa Oktoba 2022 ulinikosesha usingizi kuliko habari yoyote ya barafu. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa barua. Msitu tunaweza kuulinda.

Na hapo ndipo mambo yenu mawili yanapokuwa moja. Mito ya mlima huu huingia Kikuletwa na Ruvu, nayo hiyo miwili humwaga Nyumba ya Mungu. Pale kuna mtambo wa megawati 8. Maji hayohayo hushuka na mto Pangani yakazungusha mitambo ya Hale, megawati 21, kisha Pangani mpya, megawati 68. Mtu akiwaambia kwamba umeme wa maji tunao tayari, mwitikieni, halafu mwambieni unaanzia kwenye mizizi ya miti ya huku kwetu. Sentensi hiyo iwekeni juu kabisa ya barua.

Sasa masijala. Nilikuwa diwani miaka kumi. Mwaka wangu wa kwanza niliandika barua ya kurasa nne kuhusu uzuri wa mazingira, nikaipeleka ofisi moja kwa mkono wangu, nikasainiwa kwenye kitabu. Sikujibiwa hadi leo. Baadaye niliandika aya mbili tu na hesabu ya kuni za shule moja ya kata yangu, na afisa akapanda gari kuja kuniuliza namba zile nimezipata wapi. Nilizipata kwa mpishi. Nilikaa naye jikoni asubuhi tatu, macho yananitoka machozi kwa moshi, nikamwonea huruma mama yule ambaye hakuwa na pa kukimbilia.

Fanyeni hivyohivyo. Muoneni kwanza mkuu wa shule, kisha mwende kwa mpishi. Wanafunzi wangapi wanakula, lori ngapi kwa muhula, lori moja shilingi ngapi, kuni zinakatwa wapi. Serikali imeshaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kwa hiyo hamwendi kuomba hisani. Mnauliza: shule yetu lini, na kwa fungu lipi?

Fungu lenyewe haliko mfukoni mwa Mkuu wa Mkoa, liko Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Lakini yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ushauri ya Mkoa, na bajeti za halmashauri hupita mezani pale. Mwandikieni yeye, nakala kwa Katibu Tawala, Mkurugenzi na diwani wenu. Kabla ya hapo lipelekeni jambo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muambatishe muhtasari wenye mhuri. Na angalieni kalenda: mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini hesabu zake hupangwa miezi mingi kabla. Barua ifike kabla ya Krismasi. Ya Aprili itasomwa kwa heshima na kuwekwa.

Kuhusu miti ya mtoni neno langu ni fupi: Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 za hifadhi kando ya mto. Ombeni kijiji kitunge sheria ndogo juu ya hilo, na mikaratusi iliyopandwa kwenye chemchemi itolewe, irudishwe miringaringa, miti yetu ya asili.

Msichanganye gesi ya mtungi na nishati jadidifu. Inaokoa miti, naikubali, lakini inachimbwa na inaisha. Biogesi ndiyo yetu sisi tunaofugia zizini. Mimi napikia mavi ya ng'ombe watatu, ndoo ya mavi kwa ndoo ya maji kila asubuhi, na tope linalotoka naliweka kwenye migomba. Nilipouza ng'ombe mmoja kulipa ada ya mjukuu, moto ulififia hadi maharage yakawa hayaivi kwa wakati. Mjue hilo kabla hamjajenga. Nendeni CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini pale Arusha, mkaone mitambo ya biogesi, na mkopo ulizieni halmashauri: asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ni ya vikundi, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Tisa mnatosha kusajili kikundi.

Mkimaliza kuhesabu wiki ya kwanza jikoni, niletee karatasi hiyo kabla hamjaandika barua. Nataka kuiona kwa macho yangu.