Umeumizwa na serikali? Acha kuuliza kiasi, uliza tarehe

Barua nyingi za kuuliza fidia safari hii zimetoka kwa watu waliogongwa na magari ya umma au kuharibiwa na matibabu ya hospitali za umma. Nimechagua chache.

Gari la wizara limenigonga, mguu umevunjika. Nitalipwa shilingi ngapi?

Sijui. Na wakili anayekutajia kiasi kabla hajaona ripoti ya daktari anakuuzia ndoto. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno.

Shikamoo wakili. Kuna orodha ya viungo na thamani zake, au jaji anakadiria tu?

Marahaba. Orodha za namna hiyo zimo katika sheria za fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, na ndizo zinazowachanganya wengi. Katika kesi ya uzembe, nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza bado zinashika kanuni ya kesi ya Livingstone dhidi ya Rawyards Coal ya mwaka 1880: fidia ikurudishe, kwa kadiri pesa inavyoweza, mahali ambapo ungekuwa kama usingeumizwa. Serikali inapimwa kwa kipimo hicho hicho anachopimwa mwenye daladala.

Hesabu yenyewe ina mafungu. La kwanza ni hasara halisi: dawa, upasuaji, nauli za kliniki, mshahara uliokatika. Hizi lazima zitajwe moja moja kwenye hati ya madai na zithibitishwe. Nimeona mtu mwenye chuma mguuni akinyimwa gharama za upasuaji kwa sababu alileta makisio ya hospitali badala ya risiti ya malipo. Jaji alimwonea huruma, lakini huruma haiingii kwenye hukumu.

La pili ni maumivu na raha ya maisha iliyopotea. Hapa hakuna risiti. Jaji anatazama kesi zilizotangulia zenye majeraha yanayofanana, kisha anazingatia jinsi shilingi ilivyoshuka tangu wakati huo. Wakili wako asipoleta kesi hizo, wa serikali ataleta zake, na nakuhakikishia atachagua za bei nafuu.

Fungu la tatu, ambalo mara nyingi ndilo nene kuliko yote, ni kipato cha baadaye. Chukua mtu wa miaka 35 anayeingiza 600,000 kwa mwaka, na daktari kasema amepoteza asilimia 40 ya uwezo wake wa kufanya kazi. Kufikia miaka 60 amebakiza 25, lakini jaji hatumii 25, kwa sababu pesa inalipwa yote mara moja na maisha yana mengi. Tuseme ametumia 15. Ni 600,000 mara 15, kisha asilimia 40 yake: 3,600,000. Ikionekana naye alichangia ajali kwa asilimia 20, labda alivuka bila kuangalia, anabaki na 2,880,000. Ndiyo maana ile asilimia ya daktari inagombaniwa kuliko kitu kingine chochote. Serikali itaomba upimwe na daktari wake. Nenda, lakini ripoti yako iwe imeandikwa na bingwa wa jeraha lako, si na daktari aliyekuwa zamu tu.

Mimi ni fundi, sina hati ya mshahara. Nitathibitishaje kipato?

Daftari la kazi, miamala ya simu, taarifa ya benki, wateja watakaokuja kutoa ushahidi. Ukikosa vyote, majaji wengi hukimbilia kima cha chini cha mshahara. Na wewe uliyewaambia watu wa kodi kwamba huna kitu, usije mahakamani kusema ulikuwa unaingiza mamilioni. Mdaiwa wako ndiye mwenye jalada lako la kodi.

Serikali ina hela. Kwa nini nisidai fidia ya kuikomesha?

Utajiri wa mdaiwa si kipimo cha jeraha lako. Marekani, sheria ya mwaka 1946 inayoruhusu kuishtaki serikali kuu kwa uzembe inakataza kabisa fidia ya adhabu, na kesi husikilizwa na jaji peke yake bila baraza la wazee wa mahakama. Tena kiasi unachoandika kwenye dai lako la kwanza kwa idara husika ndicho dari yako, isipokuwa kama utaibuka ushahidi mpya. Uingereza kwa upande wake, kesi ya Rookes dhidi ya Barnard ya 1964 iliacha mlango wazi pale watumishi wa serikali wanapofanya ukandamizaji. Dereva aliyesinzia si mkandamizaji. Askari aliyekupiga ukiwa umefungwa pingu, huyo tuzungumze.

Ajali ni ya miaka miwili iliyopita. Ofisi inaniambia suala langu linashughulikiwa. Nisubiri?

Usubiri nini? Kenya, madai ya uzembe dhidi ya serikali yana miezi 12 tu, wakati mtu binafsi ungemshtaki ndani ya miaka mitatu. Tanzania, kwanza unatoa notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi hata kama aliyekuumiza ni halmashauri. Marekani ni miaka miwili kupeleka dai kwenye idara. Barua ya "linashughulikiwa" haisimamishi saa, na wapo maofisa wanaolijua hilo vizuri sana.

Nikilipwa, halafu mguu ukaanza kuoza, naweza kurudi mahakamani?

Kwa kawaida huwezi. Fidia hutolewa mara moja tu. Msimamo huo ni wa tangu kesi ya Fitter dhidi ya Veal, 1701. Usisaini makubaliano kabla daktari hajasema jeraha limetulia, hata mkopeshaji akikukalia mlangoni.

Nimeshinda, mwaka sasa sijalipwa. Nimtume dalali wa mahakama akamate magari ya wizara?

Atarudi mikono mitupu. Kenya na Tanzania, sheria hairuhusu mali ya serikali kukamatwa ili kulipa deni la hukumu. Kwa Kenya njia ni hii: unaomba mahakama ikupe cheti kinachoonyesha kiasi unachodai, unakikabidhi kwa serikali, na wakinyamaza unafungua maombi ya kumlazimisha ofisa anayesimamia fedha za wizara, ukimtaja kwa jina, alipe. Akipuuza amri hiyo, yeye mwenyewe anaweza kufungwa kwa kudharau mahakama. Ni safari ya pili baada ya safari, na wengi hufia njiani kwa sababu wakili aliwaambia kazi imekwisha siku ya hukumu. Kabla hujachukua cheti, hakikisha riba na gharama za kesi zimeingizwa humo.