Muulize Bibi wa Kuku: Mitetea Sita na Jogoo wa Kuchi

Swali: Shikamoo bibi. Juzi nimenunua mitetea sita wa miezi mitatu na nusu kutoka Mpeketoni, wakavushwa kwa boti ya Mokowe. Uani nina makoo wanne na jogoo wa kuchi. Nikawafungulia wote pamoja alasiri, nikidhani watazoeana. Kufika magharibi mtetea mmoja kichwa chote damu, wenzake wamejibana nyuma ya pipa la maji, hawataki hata punje. Mume wangu asema niwaache wapigane, wakijuana watatulia. Nifanyeje?
*Mama wa Langoni, Lamu*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mumeo hakukosea sana. Kuku ni lazima wapangane: nani aanze kula, nani alale kwenye ufito wa juu. Hilo huwezi kulizuia, wala usijaribu. Lakini anayeshindwa anataka pa kukimbilia, na ua wa nyumba ya mawe naujua mimi, kuta nne ndefu na mlango umefungwa. Na huyo kuchi wako, mrefu kama mlingoti, asili yake ni kuku wa kupigana.

Mtoe huyo mwenye damu sasa hivi, na umpe mwenzake mmoja wa kukaa naye. Ukimtenga peke yake, siku ya kumrudisha atakuwa mgeni hata kwa dada zake. Mwoshe kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, umpake ile dawa ya zambarau. Pamoja na kukausha kidonda, inaficha wekundu, maana kuku wakiona damu hawaachi kudonoa.

Kisha wapandishe wote sita darini, chini ya kivuli cha makuti, wakae huko wiki mbili. Tatu ni bora. Na sababu yangu hapo si ugomvi. Zamani nililetewa kuku mmoja mzuri, ana kilemba, nikamtia bandani siku ile ile. Haikupita wiki mbili kuku wangu wanaharisha kijani, shingo zimepinda. Nilikuwa nao 18, wakabaki 3. Ni ugonjwa wa mdondo huo, wengine huuita kideri. Wako wameshakutana alasiri moja, hilo limepita, usiliongeze. Hudumia wa zamani kwanza, wageni mwisho, kila upande na vyombo vyake na kandambili zake. Muulize aliyekuuzia kama wamechanjwa. Kama hawakuchanjwa, mwite afisa wa mifugo, na wa chini pia wachanjwe, ila kuku mgonjwa hachanjwi. Chanjo nyingi za tone la jicho hazistahimili joto letu, basi ije katika barafu, na irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja huwa ya kuku wengi, na ikishachanganywa haiwekeki, kwa hiyo waite na majirani wa kichochoro chako mgawane gharama.

Muda huo ukiisha salama, washushe uani lakini nyuma ya wavu, waonane wasigusane, siku saba hivi. Wengi hapa hutumia nyavu za kuvulia zilizochakaa. Mimi nimewahi kukuta mtetea amenasa shingo alfajiri, kwa hiyo chagua wavu wenye macho madogo, uuvute ukazike. Kama kuna dema la zamani nyumbani, ule mtego wa samaki wa kusuka, ligeuze uwafunike wawili watatu. Makoo watalizunguka, watatishia, mwisho watachoka.

Siku ya kuwachanganya, ngoja baada ya isha. Wachukue mmoja mmoja kimya kimya, uwapandishe kwenye fito kati ya wenzao waliolala. Kuku gizani haoni. Wakiamka pamoja vita hupungua, havikosekani, basi nawe uwe uani kabla hakujapambazuka. Tegesha boriti mbili ukutani wapate pa kujificha, weka chakula pembe mbili na maji pembe mbili, pasiwe na koo mmoja wa kulinda vyote. Jogoo mfungie siku tatu nne za mwanzo. Mtetea ambaye upanga haujawa mwekundu, na hachuchumai ukimgusa mgongo, hajawa tayari kupandwa na dume zito namna hiyo.

Kudonoana mara moja moja na kukimbizana, achilia. Ukiona damu tena, au mmoja ameshinda na gole tupu, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, mtafute mchokozi. Mara nyingi ni mmoja tu. Usimtoe anayeonewa, mtoe yeye, umfungie siku tatu. Akirudi ndiye mgeni. Nilikuwa na koo mweupe, shetani mtupu, alirudi mpole mpaka nikadhani anaumwa.

Jambo la chakula watu hulisahau. Chakula cha kuku wa kutaga kina chokaa nyingi, kinaharibu figo za mtetea ambaye hajaanza kutaga. Wape wote chakula cha kukuzia, na wanaotaga uwawekee pembeni kombe za chaza zilizopondwa. Wanajua wenyewe kiasi chao. Machicha ya nazi ni ya kuonja tu.

Swali: Bibi, nina koo anaatamia siku ya 17 lakini mayai yote ni maviza. Nikinunua vifaranga wa siku moja atawakubali?
*Kijana wa Malindi*

Jibu: Huenda akakubali, ukienda usiku wa giza. Toa mayai mawili, ingiza vifaranga wawili chini yake kwa nyuma, hivyo hivyo mpaka waishe. Wanyweshe maji kwanza. Rudi alfajiri usikilize: akiwalilia kwa sauti ya chini, wamekuwa wake. Akidonoa, watoe mara moja uwape joto la taa. Wakianza kutembea, wafunikie tenga, maana kunguru wa huko Malindi hawangoji mama ageuke.