Helmeti ya kurekebisha kichwa cha mtoto: jibu kwa mama mwenye mtoto wa miezi 5

Mama mwenzangu, umeuliza kama helmeti itamuumiza mwanao wa miezi 5, ambaye kisogo chake kimekuwa bapa upande wa kulia, na kama kweli anaihitaji. Mwanangu wa pili aliivaa, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona na niliyoelezwa na waliomtibu.

Kwanza shingo ipimwe. Mwanangu aligeukia upande mmoja tu, hata nilipomwita kutoka upande wa pili, na daktari alipompapasa alikuta msuli mmoja wa shingo umekaza. Mtoto wa namna hiyo hulalia sehemu ileile kila siku, na fuvu lake ambalo bado ni laini hubonyea hapo. Ukimvika helmeti bila mazoezi ya kunyoosha shingo, chanzo kinabaki palepale. Daktari athibitishe pia kwamba mishono ya fuvu, yaani maungio ya mifupa ya kichwa, haijaungana kabla ya wakati, maana huo ni ugonjwa mwingine kabisa, ambao kwa kawaida hutibiwa kwa upasuaji. Tulionyeshwa kumtazama mtoto kutoka juu ya utosi: ubapa wa kulalia upande mmoja mara nyingi husukuma sikio la upande huo mbele kidogo.

Kuhusu maumivu, helmeti iliyopimwa vizuri haibani kichwa. Hugusa sehemu zilizotokeza na kuacha nafasi penye ubapa, ili kichwa kinapokua kiijaze nafasi hiyo. Ndiyo maana umri una uzito: wataalamu wengi hupendelea kuanza kati ya miezi 4 na 6, wakati kichwa kinakua kwa kasi. Huvaliwa takriban saa 23 kwa siku. Mwanzoni mwanangu alitoka jasho jingi na kulala kwa tabu, kisha akazoea. Kila jioni kabla ya kumwogesha niliivua, nikaifuta ndani mpaka ile harufu ya jasho iishe, nikakagua ngozi nyuma ya masikio na kwenye paji la uso. Wekundu unaofifia ndani ya saa moja haukututia wasiwasi, lakini usiofifia ulikuwa ishara ya kuirudisha ikarekebishwe.

Je, anaihitaji? Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha watoto 84 wenye ubapa wa wastani hadi mkubwa, na walipofika miaka 2, waliovaa helmeti na wasiovaa hawakutofautiana kwa kiasi cha maana. Hata hivyo, watoto wenye shingo iliyokaza na wenye ubapa uliokithiri hawakujumuishwa. Mimi nilikubali kwa sababu paji la uso la mwanangu lilikuwa limetokeza upande mmoja, na mazoezi pamoja na kumbadilisha mkao havikuwa vimetosha. Kama ubapa wa mwanao ni mdogo, ningeendelea kumgeuza na kumlaza kifudifudi mchana akiwa macho na mtu akimwangalia, kisha niombe apimwe tena mapema, badala ya kukimbilia helmeti.

Lakini usingizini aendelee kulala chali, usiku na mchana, awe na helmeti au asiwe nayo. Ushauri huo, uliotolewa na madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 1992, uliongeza vichwa bapa, lakini vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua huko kwa takriban nusu, na mtu yeyote atakayekushauri umlaze kifudifudi usiku ili kichwa kirudi umkatalie.