Maswali ya Wasomaji: Klorini kwenye bwawa la nyumbani

Bwawa letu linanuka klorini mpaka ndani ya nyumba, na watoto wanatoka majini macho mekundu. Nimeacha kutia dawa wiki nzima, harufu haipungui. Nimwage maji yote?
*Mama wa Watatu*

Usimwage, na dawa usiiache. Harufu kali hivyo aghalabu inamaanisha klorini imepungua, si kwamba imezidi. Klorini ikikutana na jasho, mkojo na mafuta ya ngozi hugeuka kuwa kloramini, na hizo ndizo zinazonuka na kuwasha macho, ilhali kwenye kuua vijidudu ni dhaifu mno. Bwawa lenye klorini nzuri karibu halina harufu.

Kinachotakiwa ni vipimo viwili: klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kufanya kazi, na klorini jumla. Kwa vidonge vya DPD, kemikali inayoyageuza maji kuwa waridi ikikutana na klorini, namba 1 kinakupa huru; ukiongeza namba 3 kwenye maji yaleyale, unapata jumla. Tofauti yake ndiyo kloramini. Chota maji ya kupimia kwa kuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko, mbali na tundu linalorudisha maji kutoka kwenye pampu. Maji ya juujuu hudanganya.

Tuseme huru ni 0.5 na jumla ni 1.5. Kloramini ni miligramu 1 kwa lita. Ikivuka 0.4 hivi, inafaa kuivunja, na kuivunja kunataka dozi ya mara kumi ya kiasi chake, yaani miligramu 10 kwa lita kwa mkupuo mmoja. Wengi hukosea hapa: wanatia kidogo leo, kidogo kesho, na kila kidogo kinaishia kutengeneza kloramini nyingine.

Sasa hesabu. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, lina lita 48,000. Kila miligramu 1 kwa lita inadai gramu 48 za klorini halisi. Unga wa kalsiamu haipokloraiti wenye nguvu ya asilimia 65 utahitaji gramu 74 kwa kazi hiyo, kwa hiyo dozi nzima ni gramu 740. Itie jua likishazama, pampu ikizunguka. Yeyusha kama gramu 100 kwa kila ndoo ya plastiki ya lita 10: maji yatangulie, unga ufuate, kamwe usigeuze. Mwaga ukizunguka ukingo, ondoa kifuniko cha bwawa ili gesi itoke, na pampu ikeshe. Watoto wasubiri mpaka klorini huru ishuke hadi 3.

Natia unga kila jioni. Kesho yake saa nane mchana napima, sifuri. Nimeuziwa unga feki?
*Nimechoka Kupima*

Huenda, kwani unga uliokaa kwenye joto na unyevu hufifia. Lakini kabla ya kumlaumu muuzaji, lichunguze jua. Maji yasiyo na asidi ya sayanuriki, ambayo ni kinga ya klorini dhidi ya jua, yanaweza kupoteza zaidi ya nusu ya klorini yake kwa saa moja au mbili za jua kali. Kiwango kizuri cha kinga hiyo ni miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Kuitoa sifuri hadi 30 kwenye bwawa la lita 48,000 kunahitaji kilo 1.4 hivi. Huyeyuka polepole sana, basi itie kwenye soksi, uining'inize mbele ya tundu linalorudisha maji, na usipime tena mpaka siku kadhaa zipite.

Ukitaka kumjua mwizi kwa hakika, pima jua likizama, kisha alfajiri kabla halijachomoza, bila kutia kitu katikati. Usiku ukila zaidi ya miligramu 1, jua halihusiki: kuna mwani ambao bado hujauona, au filta chafu, au majani yanaozea chini. Usiku usipokula kitu na mchana ukamaliza, ni jua.

Kuna sifuri nyingine ya uongo. Klorini ikizidi 10 hivi, inaweza kuichubua rangi ya DPD yenyewe: unaona waridi inapita kama kivuli, kisha maji yanakuwa meupe. Changanya sampuli nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke uliopozwa, pima, kisha zidisha jibu mara mbili. Watu wengi wameongeza dawa juu ya dawa kwa kutolijua hili.

Mwaka wa pili natumia vidonge vikubwa vya kuelea peke yake. Klorini inasoma 3 kila siku, ila maji yamekuwa ya kijani.
*Kijani Kibichi*

Kipimo chako hakidanganyi. Vidonge hivyo ni trikloro, na ndani yake mna asidi ya sayanuriki. Kila miligramu 10 za klorini vinazokupa huja na miligramu 6 hivi za asidi hiyo. Bwawa linalotumia miligramu 2 za klorini kwa lita kwa siku linajipatia zaidi ya 30 za asidi hiyo kila mwezi, na yenyewe haiharibiwi na jua wala na klorini. Ikifika 100, klorini imefungwa mikono: 3 haitoshi tena. Shika kwamba klorini huru inatakiwa iwe asilimia 7.5 hivi ya asidi hiyo. Kwa 40 ni 3. Kwa 100 ni 7.5.

Dawa yake ni kubadilisha maji, si kingine. Usilikaushe bwawa, maana maji ya ardhini yanaweza kulisukuma juu au kulipasua. Toa theluthi, jaza, zungusha, rudia: 120 inakuwa 80, kisha 53, kisha 36. Baada ya hapo hamia klorini ya maji. Ile ya asilimia 12 inatumika mililita 400 kwa kila miligramu 1 kwa lita kwenye bwawa la lita 48,000, na inunue kidogo kidogo kwa kuwa hupoteza nguvu ikikaa.

Vidonge vilivyobaki visiguse unga wa kalsiamu haipokloraiti, hata kwa kijiko kimoja au chombo kimoja cha kuelea. Vikikutana hushika moto au kulipuka.

pH ina uhusiano gani na klorini?
*Mwanafunzi*

Mkubwa. pH ni kipimo cha uasidi wa maji. Kwenye 7.5, karibu nusu ya klorini huru iko katika umbo kali linaloua vijidudu. Kwenye 8 inabaki robo tu. Shika 7.2 hadi 7.6. Ikipanda, shusha kwa asidi ya hidrokloriki, nayo vilevile uiongeze kwenye maji, si maji juu yake. Asidi na klorini zisikutane kwenye ndoo wala zisimwagwe pamoja: gesi inayotoka inaua. Tia moja, acha pampu izungushe kwanza, ndipo utie nyingine.

Nimefunga mashine ya chumvi. Bado nahitaji kupima klorini?
*Mvivu Kidogo*

Ndiyo. Mashine hiyo inatengeneza klorini kutokana na chumvi kwa umeme, basi maji yako ni ya klorini kama ya jirani. Pima klorini huru mara mbili kwa wiki, na pH vilevile, kwa sababu mashine hizi huwa zinaipandisha.