Baruti ya Mkebe Usio na Lebo: Maneno kwa Vijana Mnaoanza Kujaza Risasi

Jumapili iliyopita nimetoka kanisani, niko hapa Kiamunyi natafuta tu chai, mtoto wa dada yangu aliye Minnesota akanitumia picha kwa WhatsApp. Mkebe wa kahawa, ndani kumejaa baruti nyeusi, na juu ya kifuniko kuna kikaratasi kimeandikwa kwa peni, 4831, basi. Akaniuliza, "Anko, shikamoo, hii ni gani na naweka ngapi kwa raifo ya thate-oti-siksi? Mzee jirani alikufa, bibi yake ameniachia paundi nane za hii baruti karibu bure." Chai ilipoa hapo hapo. Nimefanya hiyo kazi miaka kumi na moja kule Kansas, kwa karakana ya mtu anarekebisha bunduki na kujaza risasi kwa mkono, yaani kuchukua ganda lililotumika na kuliwekea praima (ile kidude ya nyuma inayowasha baruti), baruti na kichwa kipya, na kwa vile vijana wengi kutoka huku kwetu Nakuru, Kisumu na Kisii wanaenda kule na wanaingia kwa hizi kazi ama hii hobi, nimeona heri niandike mara moja badala ya kujibu mmoja mmoja.

Kabla ya baruti, makaratasi. Huku Kenya usijaribu, Sheria ya Silaha ni Sura ya 114, bunduki yenyewe unahitaji leseni ya Firearms Licensing Board, na kukaa nyumbani unatengeneza risasi bila kibali ni jela. Na kule Marekani, kama uko na visa ya shule ama ya kutembea, sheria yao kwa kawaida haikuruhusu kushika bunduki wala risasi, kuna njia chache za kuruhusiwa lakini usijipe moyo, ngoja green card na uulize wakili. Nimeona kijana akiharibu maisha kwa picha moja ya range, pale uwanjani pa kulenga shabaha, aliyoweka Facebook.

Sasa turudi kwa mkebe. Kitu ya kwanza nataka mshike ni kwamba hakuna mtu anaweza kuangalia baruti kwa macho akakuambia ni gani. Hakuna. Hata yule mzee alinifundisha, ameifanya miaka arobaini, alikuwa anakataa. Baruti nyingi za raifo zinapakwa grafaiti, zinatoka nyeusi ama kijivu zote, zingine ni vijiti kama mkaa wa penseli umekatwakatwa, zingine ni viduara vidogo kama mbegu za sukuma wiki, na ukiweka aina tano za vijiti kwa sahani utaapa ni kitu kimoja. Na mtu akikuambia choma kidogo nje uone inawaka aje, usimsikize, kwa sababu baruti ikiwaka kwa hewa wazi ni kitu kingine kabisa na ikiwaka imefungiwa ndani ya chuma. Hapo nje zote zinawaka fuuu polepole. Ndani ya bunduki presha yenyewe ndio inaharakisha moto, na moto unaongeza presha.

Fikiria jiko la kuni. Ukiweka vijiti vyembamba vya sipresi moto unapanda mara moja halafu unaisha, ukiweka gogo la mtarakwa moto unapanda pole na unakaa. Baruti ni hivyo, kuna za haraka na za pole, na kipimo ambacho ni sawa kabisa kwa ile ya pole kinaweza kupasua bunduki ukiweka ile ya haraka, na uso wako uko sentimita chache kutoka hapo.

Hiyo jina 4831 yenyewe ina historia na ndio maana niliogopa. Baada ya vita ya 1945 jeshi la Marekani lilibaki na baruti nyingi sana, na jamaa mmoja wa Kansas anaitwa Bruce Hodgdon akainunua na kuanza kuwauzia watu wa kujaza risasi. Moja ilikuwa 4895, ile ya raifo za kijeshi, nyingine ni 4831 ambayo ilitengenezwa kwa mizinga ya milimita 20, na ni ya pole. Ile ya jeshi ilipoelekea kuisha Hodgdon akaendelea na mpya inaitwa H4831, na baadaye DuPont wakaleta yao, IMR 4831, na hii inawaka haraka kuliko ile H. Namba ni moja na kipimo sio kimoja. Kwa hivyo kikaratasi cha yule mzee kinaweza kumaanisha vitu vitatu, na hapo bado tunamwamini kwamba hakujaza kitu kingine juu yake siku moja mkebe mwingine ulipoisha.

Sasa kuna baruti ya jeshi ambayo inauzwa vizuri na watu wenye leseni, na hiyo siwakatazi, mimi mwenyewe nimeitumia sana kwa sababu ni bei nafuu. Zile mtakutana nazo zaidi zinaanza na herufi WC. WC844 ni ya raifo za 5.56, WC846 ni ya 7.62 ya NATO, na utasikia watu kwa kaunta wakisema WC844 ni ile ya dukani inaitwa H335, WC846 ni ile inaitwa BL-C(2), ni kitu kimoja weka tu. Sio kitu kimoja. Ni ndugu. Baruti ya dukani kwa chupa, kampuni inachanganya loti mbalimbali, yaani baruti iliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, mpaka ile ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana, ndio kipimo cha kitabu cha kujazia risasi kifanye kazi. Jeshi halina haja na hiyo, kiwanda cha risasi kinapokea loti, kinaipima kwa mtutu wa majaribio, kinaona loti hii inataka ngapi kufikisha kasi na presha inayotakiwa, loti ijayo kinapima tena. Ni kama unga wa posho mill na unga wa pakiti. Wa pakiti unajua maji kiasi gani, wa posho mill leo mahindi ni ya Kitale makavu, kesho ni ya mtu mwingine yana unyevu, na mama anapika kwa kuangalia. Tofauti ni kwamba ugali ukiharibika unaongeza unga. Kuna hata WC852 ambayo ilitoka na loti za haraka na loti za pole chini ya jina hilo hilo moja, watu waliojua jina peke yake walijikuta pabaya.

Kwa hivyo ukinunua ya jeshi, nunua kwa muuzaji ambaye anakupa namba ya loti na vipimo vya hiyo loti, na uliza kama ni mpya ama ni ile imetolewa kwa risasi za zamani zilizovunjwa, kwa sababu hiyo ya kuvunjwa inaweza kuwa imechanganyika. Hata hivyo ichukue kama mgeni. Anza chini, kwa kipimo cha kuanzia na sio cha mwisho, kawaida asilimia 10 chini ya ile ya juu kabisa, lakini usiende chini sana pia, hasa na baruti za pole, kwa sababu kipimo kidogo kupita kiasi kwa ganda kubwa nacho kimewahi kuharibu bunduki za watu. Panda kidogo kidogo, na uwe na ile mashine ya kupima kasi ya risasi, hiyo usiseme ni ya matajiri. Kama kitabu kinasema kasi fulani ndio mwisho, na wewe umeifikia kabla ya kufika kipimo cha mwisho, simama hapo, presha umeshaila yote hata kama kwa mizani bado una nafasi. Watu wanaangalia praima kama imekuwa bapa ama bolti imekuwa ngumu kufungua, ni sawa muangalie, lakini hizo ishara zinakuja zikiwa zimechelewa. Loti ikibadilika unaanza upya kutoka chini, ndio maana wenye akili wananunua loti moja kubwa na wanagawana na marafiki.

Kuharibika nako. Siku moja tulileta keni ya chuma kutoka kwa ghala la mtu, tukaifungulia nje uani, bosi akaniambia kwanza nusa kwa mbali. Baruti nzuri inanukia kama dawa ya kutoa rangi ya kucha, ile harufu ya spiriti tamu kidogo. Hii ilinipiga puani chachu kama maji ya betri, chini ya kifuniko kulikuwa na kutu mbichi, na juu ya baruti kulikuwa na vumbi jekundu ningedhani ni mchanga wa barabara ya Mau Narok. Hilo vumbi sio mchanga, ni baruti yenyewe inaoza na kutoa asidi, na ikiendelea inatoa moshi wa kahawia na inaweza kuwaka yenyewe bila mtu kuigusa, hasa ikiwa nyingi na kuna joto. Hatukuokoa hata kijiko.

Kuweka ni rahisi lakini watu wanakosea. Iache kwa chombo chake cha asili, mahali pakavu pa baridi, sio kwa buti ya gari. Kule kanuni za moto kwa kawaida zinaruhusu paundi 20 nyumbani, zaidi ya hapo ni kabati la mbao. Mbao, sio sefu ya chuma, kwa sababu baruti ikiwaka kwa kitu dhaifu inatoka na moto tu, ikiwaka kwa chuma kimefungwa kabisa umejitengenezea bomu.

Na hii niliifanya mimi mwenyewe, mwezi wa tatu kazini. Nilienda lanchi nikaacha baruti ndani ya hopa ya mashine, kurudi nikakuta chupa mbili kwa benchi, moja nimeitumia asubuhi na nyingine alikuwa ameleta mwenzangu, nikamwaga ile ya hopa kwa chupa nilidhani ni yake. Halafu nikasimama nikaona sina uhakika. Nilitaka kunyamaza, nawaambia ukweli. Nikamwambia bosi, na akatupa zote mbili, chupa mpya na ile ya zamani, hakunigombeza, akaniambia kuanzia leo chupa moja tu kwa benchi, na hopa ikibaki na kitu uandike jina na loti kwa tepu uibandike mbele. Nilifanya hivyo mpaka siku niliacha kazi.

Kwa nyinyi mko huku mashambani, Baringo na pande za Pokot hasa, mkipata risasi za zamani za babu zile za thrii-noti-thrii, msizifungue. Ndani ya nyingi za Waingereza hamna mbegu wala unga, kuna vijiti virefu kama spageti, ni kodaiti, baruti ya zamani ya Waingereza, na watoto wanapenda kuvivuta. Ziacheni hapo hapo, ambieni chifu ama polisi waje.

Mpwa wangu nilimwambia nipigie. Tukaongea kama saa moja, akakasirika kidogo kwa sababu paundi nane ni pesa, na ile baruti kwa macho ilikuwa nzuri, haina vumbi, haina harufu mbaya, hata yeye alinusa. Nikamuuliza swali moja, uko na namba ya loti? Akanyamaza. Jumatano akaniandikia kwamba amewaita watu wa zimamoto wa mtaa wake wamekuja kuichukua, na yule bibi alishukuru kwa sababu alikuwa hajui kwamba kuna mikebe mingine mitatu chini ya ngazi.