Jibu: Gari la kulala lililofutwa na bima, linauzwa Kigoma. Ninunue?

Mkuu, umeuliza kuhusu Volkswagen Transporter ya msafiri Mwingereza anayetaka kuliacha gari lake Kigoma. Lina kitanda, jiko la gesi na friji, kadi yake ya Uingereza imeandikwa kundi S, na bei iko chini mno. Wenzangu wawili wamekujibu ukimbie. Mimi niko Tabora, nanunua asali Sikonge na Ipole, na msimu wa kurina nalala kwenye Hiace ambayo bima ya hapa nchini iliifuta baada ya kugongwa nyuma. Niliinunua nikijua hivyo, na mpaka leo inaingia porini na kutoka. Kwa hiyo sikuambii ukimbie. Nakwambia utafute kwanza kilichofanya lifutwe.

Kule Uingereza tangu Oktoba 2017 magari yaliyofutwa, yaani yale ambayo bima iliona heri kumlipa mwenyewe kuliko kuyatengeneza, yanapangwa kwenye makundi manne. A linasagwa lote, hata spea hazitolewi. B linachinjwa spea, bodi inasagwa. S liliumia kwenye mifupa yake, yaani chasis au nguzo za bodi, lakini linatengenezeka. N mifupa ni mizima, tatizo ni bodi, umeme au vifaa vingine. Ukikutana na C au D, hayo ni makundi ya zamani. Angalia hili pia: alama ya S huandikwa kwenye kadi, ila N haiandikwi, kwa hiyo kadi safi si ushahidi. Namba ya usajili huingizwa kwenye tovuti za kule za historia ya magari, kwa malipo kidogo, na muuzaji mwenyewe anaweza kukufanyia mbele yako.

Watu wengi hudhani bima imelifuta gari kwa sababu ni la hatari. Bima inapiga hesabu. Bei ya karakana za kule ikikaribia thamani ya gari, wanamlipa mwenyewe na kuyauza mabaki. Gari lenye makabati huumia zaidi kwenye hesabu hiyo, maana ubavu ukibonyea kidogo tu, kabati, waya na mabomba ya maji lazima yavuliwe ndipo fundi afike kwenye bati. Ndiyo maana kuna S iliyoguswa nguzo moja ikanyooshwa vizuri, na kuna S iliyopinda chasis nzima. Herufi ni ileile. Na usidhani serikali ya kule ilikagua matengenezo: gari la S hurudi barabarani bila ukaguzi maalumu wa kazi ya fundi aliyelinyoosha. Mwombe picha za siku ya ajali, ripoti ya bima na risiti za karakana. Aliyetengeneza kwa nia njema huwa nazo.

Kisha lala chini ya gari. Hapa usimtume mtu, nenda na fundi wa bodi, si wa injini. Chukua futi ya kamba mpime msalaba: tundu la chasis la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo vikitofautiana waziwazi, chasis imekwenda upande. Tazama mishono: ya kiwandani ni vidoti vilivyopangwa sawasawa, ya mtaani ni mstari mnene uliopakwa rangi nyeusi juu. Sumaku iliyofungwa kitambaa laini itakuonyesha palipojazwa puti, kwa sababu haitashika. Tairi zilizolika upande mmoja nazo zinasema. Washa swichi: taa ya eabegi lazima iwake kwanza, halafu izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichezea. Vuta kila mkanda wa kiti mpaka mwisho, usome mwaka ulioshonwa kwenye lebo. Mkanda uliogoma kutoka huenda ulifyatuka siku ya ajali.

Mkanda huohuo ukiwa na mstari wa tope karibu na mwisho, gari limezama. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kugongwa. Bati hunyooshwa, lakini soketi za umeme zilizoingiwa na maji huanza kufanya ukijani na kukusumbua mwaka hadi mwaka. Na usitazame Ulaya tu. Ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ile ya kuanzia 2020, maji yaliingia kwenye majengo ya ufukweni, kwa hiyo uliza gari limeegeshwa wapi tangu lifike. Ng'oa zulia, nusa, papasa chini ya dashibodi.

Jiko halinisumbui sana. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa sakafuni unapolala, kwa hiyo hakikisha sanduku la mtungi lina matundu chini yanayotoa nje na hayajazibwa. Regyuleta ya kule huenda isiingie kwenye mitungi yetu. Badilisha pamoja na mpira wake.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, na kwangu ndilo zito kuliko hiyo S. Gari la msafiri limeingia nchini kwa muda, bila kulipiwa ushuru. Hawezi kukuuzia likabaki mpaka forodha ikubali na kodi zilipwe: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na nyingine juu yake, pamoja na ya uchakavu kwa gari la zamani. TRA hukadiria thamani kwa utaratibu wao, hawaifuati bei mliyokubaliana barazani. Bei nzuri ya leo inaweza kupotea yote hapo. Nendeni wote wawili ofisi ya forodha Kigoma, yeye na karatasi alizoingilia nazo, mpate makadirio kwa maandishi kabla hujatoa hata shilingi. Akikwambia "lipa kwanza, karatasi zitafuata", ondoka. Utabaki na gari lisilosajilika, na wanaweza kulikamata.

Ukishasajili, mwambie wakala wa bima ukweli wa hiyo S. Bima kubwa watataka kulikagua. Ukificha, siku ya kudai watakuwa na sababu ya kukunyima.

Mwisho ni spea. Hiace yangu ikikatika bushi Sikonge, napata ya kuanzia palepale. Spea ya Transporter utaisubiri kutoka Dar, nawe uko Kigoma. Kama chasis imenyooka na forodha imekaa sawa, mimi ningeipunguza bei kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya S.

Weka hapa picha za chini ya gari, za mishono ya nguzo zote mbili za mbele, na ya ukurasa wa kadi wenye alama, ila ziba jina na anwani yake. Nitaangalia na fundi wangu jioni.