Bawasiri ifungwe mpira bila ganzi, vipi mtu asiumwe?

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mwanamme wa miaka 52, dereva wa gari ya abiria njia ya Wete na Chake. Muda mrefu sasa nikienda haja kubwa natoka damu nyekundu, inadondoka chooni, na siumwi hata kidogo. Siku hizi nikijikamua kinatoka na kinyama, nikimaliza kinarudi chenyewe. Daktari kanitazama, akasema ni bawasiri ya ndani hatua ya 2 na itafungwa mpira bila ya ganzi. Hapo ndipo nilipokataa. Mwaka jana nilitoka uvimbe pale pale, mdogo tu, lakini nilikuwa siwezi kukaa kwenye kiti cha gari. Sasa vipi pahala kama pale pafungwe mpira bila ganzi? Na bwana mmoja wa dawa za miti amenambia ana unga wa kupaka, kinyama kinakauka na kuanguka. Nifuate lipi?

JIBU: Waalaykum salaam, kaka. Si pahala pale pale, na ukishalifahamu hilo khofu yako itapungua sana.

Njia ya haja kubwa ina mpaka ndani yake, kiasi cha sentimita 2 kutoka nje. Chini ya mpaka huo ni ngozi, na neva zake ni kama za ngozi nyengine yoyote ya mwili: ukichomwa sindano utaruka. Juu ya mpaka ni utando laini wa utumbo. Utando huo unahisi kujaa na kuvutwa, lakini hauhisi kukatwa wala kuchomwa. Uvimbe wako wa mwaka jana, kwa unavyoueleza, ulikuwa chini ya mpaka: damu iliganda ndani ya mshipa, ngozi ikatutumka, na ndiyo maana hukuweza kukaa. Uvimbe wa namna ile mtu akiwahi hospitali ndani ya saa 72 za mwanzo, hupigwa ganzi ya pale pale ukatolewa akapata nafuu haraka. Akichelewa, mara nyingi huachiwa upungue wenyewe.

Kinyama chako cha sasa kimeanzia juu ya mpaka. Pale kila mtu ana vifuko laini vya mishipa ya damu, tangu kuzaliwa, na vina kazi yake: vinasaidia kuziba njia ili upepo na choo visitoke ovyo, kama gasket inavyoziba kwenye injini yako. Ugonjwa unaanza vinapovimba na nyama inayovishikilia inapolegea. Choo kigumu kikivikwaruza vinatoa damu. Daktari anapima hatua kwa kutazama kinyama kinafanya nini. Hatua ya 1 kinatoa damu tu na hakitoki nje. Cha hatua ya 2 kinatoka na kurudi chenyewe, kama chako. Cha hatua ya 3 hakirudi mpaka ukirudishe kwa kidole, na cha hatua ya 4 hakirudi kabisa. Mpira unafaa hatua ya 1 hadi ya 3 pale chakula na maji vinaposhindwa. Hatua ya 4, na baadhi ya hatua ya 3, ndizo zinazohitaji upasuaji, na huko ganzi au usingizi ni lazima kwa sababu kisu kinashuka mpaka kwenye ngozi.

Nikueleze na mpira wenyewe. Utalala ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja. Daktari ataingiza bomba fupi lenye taa, limepakwa mafuta. Hapo utahisi kama unataka kwenda haja, nawe hutaki. Kinyama kitavutwa ndani ya chombo kidogo, kisha kijipira cha milimita chache kitaachiwa kwenye shina lake, juu ya ule mpaka. Damu haipiti tena, kinyama kinakufa, na baina ya siku 5 na 10 kinaanguka pamoja na mpira, aghlabu mwenyewe hujui. Njia hii ilienea baada ya Barron, daktari wa upasuaji wa Marekani, kuieleza mwaka 1963.

Uzito na kuvuta utakuwepo siku moja mbili, na paracetamol inatosha. Lakini mpira ukifungwa tu ukahisi maumivu makali, sema hapo hapo, usione haya: umeshuka kwenye mpaka na unatakiwa utolewe. Na kabla ya yote mwambie daktari kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarin au clopidogrel, kwa sababu kinyama kinapoanguka damu inaweza kutoka nyingi.

Huo unga wa miti, kaka, uache. Sisemi hivyo kwa kudharau dawa zetu. Unga unaokausha nyama ni unga unaounguza, na hauujui mpaka wako uko wapi. Ukishuka kwenye ngozi utakuachia kidonda, na kidonda kikipona kwa kovu njia inaweza kubana, choo kikawa taabu maisha yako yote.

Sasa lile ambalo hukuliuliza. Bawasiri haigeuki saratani. Lakini saratani ya utumbo mpana nayo inatoa damu, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Wewe una miaka 52 na damu imekutoka muda mrefu. Ningekuwa mimi ndiye ninayekutibu, ningetaka utumbo wote uangaliwe kwa kamera kabla ya kufunga chochote, na upimwe wingi wa damu. Muulize daktari wako kama kipimo hicho ukifanye huko huko Pemba au uvuke Unguja. Ukiwa umepungua mwili, au choo kimebadilika, au damu ni nyeusi au imechanganyika na choo, usingoje hata wiki.

Mpira hautakusaidia kitu kama choo kitabaki kigumu. Madereva nawajua: hamnywi maji ili msisimamishe gari, na haja ikija mnaibana mpaka mwisho wa safari. Choo kinachobanwa kinanyonywa maji na kuwa mawe. Mwambie utingo abiria wangoje dakika tano, hawatokufa. Asubuhi badala ya boflo na chai tupu, kula mbaazi au choroko. Kikombe kimoja kilichopikwa kina zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi, na kwa siku unahitaji gramu 25 hadi 30. Ongeza bamia, mchicha, papai. Anza kidogo kidogo, la sivyo tumbo litajaa upepo. Chooni usikae na simu. Kujisafisha kwa kopo la maji ni bora kuliko karatasi kavu, ila usisugue kwa sabuni. Pakiwasha, kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, bila kutia dawa yoyote. Dawa za kupaka zenye steroidi zinapunguza muwasho tu. Usizidishe wiki moja, zinachubua ngozi.

Siku ya kufungwa usiendeshe, na siku mbili za mbele usinyanyue magunia ya abiria juu ya gari. Damu kidogo kinyama kinapoanguka ni kawaida. Ukiona damu nyingi isiyokatika, au homa, au maumivu yanazidi, au mkojo umegoma, nenda hospitali usiku ule ule, kwani homa, maumivu yanayozidi na mkojo kugoma huweza kuwa dalili za maambukizi yanayoweza kuua, ingawa hutokea kwa nadra sana.